Taa ya jirani inamulika hadi kitandani kwa watoto: nimwendee vipi tusigombane?

Mama Mwalimu, Bel-Air

Salama wote. Ninakaa Bel-Air, komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, mwaka wa kumi na nne sasa, na ninafundisha jiografia sekondari. Ujumbe huu nimeuandika nikaufuta mara mbili, maana unamhusu jirani tunayeombana chumvi na kuzikana. Sitamtaja jina, na ninyi mnaoujua mtaa wetu naomba msimtaje.

Mwezi wa tano wezi waliruka ukuta wake wakabeba betri mbili za lori na mashine ya kuchomelea. Iliniuma kana kwamba wameingia kwangu. Mume wangu alikesha naye mpaka kukapambazuka. Hazikupita wiki mbili, papa jirani akafunga projekta nne za LED juu ya ukuta, wati 100 kila moja, mwanga mweupe unaokaribia samawati. Mbili zinamulika ua wake, moja inamulika balabala, yaani barabara ya mbele, na ya nne, iliyo pembeni karibu na mwembe, imeelekea kwetu moja kwa moja. Kurani, yaani umeme, ikiwepo, zinawaka tangu magharibi hadi asubuhi. Inanisikitisha kwamba siku hizi usiku nikisikia friji imenyamaza, namshukuru Mungu.

Chumba cha watoto kina dirisha upande huo. Mwanga unapita juu ya pazia, unagonga ukuta wa pili, unarudi kwenye chandarua, na chandarua kwa kuwa ni cheupe kinawaka chote. Usiku mmoja niliingia saa sita, sikuwasha kitu, nikaokota pakiti ya dawa ya mbu sakafuni. Niliyasoma yale maandishi madogo ya nyuma, mstari kwa mstari, mpaka anwani ya kiwanda. Mtoto wangu wa mwisho, ana miaka sita, sasa analala na kitenge usoni. Tulitundika blanketi dirishani, lakini mnajua mwezi wa kumi ulivyo hapa: hewa haingii, watoto wanaamka wameloa jasho, blanketi nikaliondoa mwenyewe.

Jogoo wetu naye amepotea saa. Anawika saa saba usiku, tena saa nane, tena saa tisa. Mama mkwe, ambaye amekulia Kasenga, anasema jogoo wa namna hiyo hafugwi, achinjwe. Nimemwombea jogoo muda, kwa sababu kosa naona si lake.

Jambo la tatu wengine mtaliona dogo, kwangu ni kubwa. Kila mwezi wa sita, kiangazi, anga likiwa safi na baridi inauma, nawapa wanafunzi wa mwaka wa tano kazi moja ya nyumbani. Watoke nje baada ya kula bukari (ugali), watafute Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba, waurefushe ule mti wake mrefu mara nne na nusu kuelekea chini. Hapo ndipo ilipo ncha ya kusini ya mbingu. Hakuna nyota kubwa pale, ni mahali patupu, lakini anga lote la kusini linapazunguka. Kisha wanyooshe mkono na kupima kwa ngumi kutoka upeo wa macho: ngumi moja ni kama digrii 10. Wanapata ngumi moja na kidogo. Lubumbashi iko digrii 11 na dakika 40 kusini mwa Ikweta. Mtoto amesimama uani kwao, hana chombo chochote, amepima latitudo ya mji wake kwa mkono wake. Naifundisha kazi hii tangu nianze ualimu, na sijawahi kuchoka kuona uso wa mtoto siku inayofuata.

Mwaka huu wale wa pembeni mwa mji walileta majibu. Wa huku kwetu, wengi waliandika: «Madamu, upande wa kusini ni mweupe tu.» Mmoja alichora ukuta na projekta, akaweka alama ya kuuliza juu yake. Ile karatasi ninayo bado.

Najua si kwetu peke yetu. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotokana na watu wa kawaida waliohesabu nyota kwa macho kati ya 2011 na 2022, wengi wao Ulaya na Marekani. Walikuta mwanga wa anga unaongezeka karibu asilimia 10 kila mwaka. Watafiti walieleza hivi: mahali ambapo mtoto anazaliwa akiona nyota 250, akifika miaka 18 ataona kama 100. Huku kwetu giza bado lipo, unalifikia kwa baskeli. Sitaki tulipoteze kwa kutojua tu.

Basi maswali yangu. Nimwendee vipi papa huyu, ambaye ameibiwa kweli na anaogopa kweli? Nimpelekee pendekezo gani ambalo litamlinda sawa au zaidi ya hizo projekta? Na je, kuna avenyu yoyote ambayo majirani wamekaa pamoja wakakubaliana kuhusu taa za nje?

Papa wa Katuba

Mama Mwalimu, nakuheshimu, lakini acha nikwambie bila kuzunguka. Mimi niliingiliwa usiku wa giza, mke wangu akiwa na mimba ya miezi minane. Walitusimamisha ukutani. Tangu siku ile kwangu kunawaka, na kama ningekuwa na uwezo ningewasha avenyu nzima. Nyota ni nzuri, ila hazikunisaidia usiku ule. Mwizi anapenda giza. Hilo hata mtoto anajua. Mwambie jirani aigeuze ile ya nne kwa sababu ya watoto, hapo niko na wewe. Usimwambie azime.

Mama Mwalimu, Bel-Air

Papa, pole sana, wewe na mama. Nakubali, sitamwambia azime. Hata mimi sitaki giza la kutoona mkono wako. Nina watoto watatu, na msala wetu uko nje.

Sentineli, Golf

Mama, mimi ni mlinzi, miaka tisa nalinda nyumba moja huku Golf. Haya ninayosema nimeyaona kwa macho yangu.

Bosi alifunga projekta kubwa juu ya geti, ikitazama balabala. Kutoka ndani ya nyumba ilionekana vizuri, ua mweupe, lami nyeupe. Mimi nilikaa chini yake. Usiku mmoja nikatoka kuzunguka ukuta, nikampita mtu amesimama mahali mwanga unapokatika, kwenye kivuli cha nguzo. Nilimpita karibu kama mita tatu. Sikumwona. Nilimsikia alipokohoa, nikapiga filimbi, akakimbia. Nikarudi pale getini nikatazama tena: ile taa ikiwa machoni, pale nyuma ya nguzo ni shimo jeusi. Nikainua kiganja nikakinga macho kama mtu anayekinga jua. Hapo hapo nikaona nguzo, mfereji, na ndala moja aliyoiacha.

Kajaribuni nyumbani kwenu usiku huu. Simama mbele ya projekta yako, tazama kulia na kushoto kwake, halafu kinga taa kwa kiganja. Vile utakavyoviona baada ya kukinga ndivyo ambavyo mwizi alikuwa amejificha navyo.

Jambo jingine. Kurani ikikatika, dakika za kwanza sioni kitu. Baada ya kama nusu saa naona paka juu ya ukuta, naona nguo kwenye kamba. Ila nikitazama taa kali mara moja tu, nusu saa yote imepotea, naanza upya. Bosi alipoelewa akaishusha ile taa itazame chini, miguuni pa geti. Mwanga ukawa kidogo, na mimi nikaona mbali zaidi. Papa wa Katuba, sikukatazi taa. Nasema taa iwe nyuma ya mlinzi au juu yake, isiwe machoni mwake.

Fundi Kurani, Kamalondo

Mama Mwalimu, nafunga taa hizi kila wiki, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili, na nitaandika kirefu maana watu wananunua wasichokihitaji.

Kwanza chukua kasha la projekta usome. Utaona W, yaani wati, utaona lm, yaani lumeni, wingi wa mwanga, na mahali fulani utaona herufi K. Watu wanatazama W tu. Ile K ni rangi ya mwanga. 6500K ni nyeupe ya samawati, ndiyo inayojaa madukani kwetu, na naamini ndiyo aliyonayo jirani yako. 3000K au 2700K ni rangi ya manjano, kama zile ampuli za zamani za waya. Namba ikiwa kubwa, mwanga ni wa baridi zaidi. Wateja wengi wanadhani ni kinyume. Samawati ndiyo inayotawanyika zaidi hewani, kama mbingu ya mchana inavyokuwa samawati, kwa hiyo ndiyo inayopaka anga lote weupe. Pia ndiyo inayouambia mwili kwamba kumekucha, mwili ukaacha kutoa ile homoni ya usingizi. Madaktari wa Marekani kupitia chama chao walitoa ushauri mwaka 2016 kwamba taa za LED za barabarani zisizidi 3000K. Ukienda dukani omba 3000K kwa namba, usiombe «ya manjano», watakupa ya kuua wadudu.

Pili, pembe. Hapa ndipo pana tatizo lote, na kurekebisha ni bure. Projekta ina mkono wa chuma na boliti mbili ubavuni. Watu wanaifunga uso ukitazama mbele, kama taa ya gari. Legeza boliti, lalaza uso utazame ardhi kabisa, kaza. Kipimo changu ni hiki: nenda ukasimame kwa jirani. Ukiuona ule uso wenyewe unaong'aa, kazi haijaisha. Unatakiwa uone ardhi imemulikwa, usiione taa. Na ile ya nne wala isibaki ilipo. Ihamishwe ifungwe kwenye ukuta mnaopakana, mgongo wake kwenu, uso kwake na chini. Ataona ukuta wote wanaoruka wezi, na ninyi hamtaona kitu.

Ikibidi, kata kipande cha bati la kuezekea, kikunje kiwe kofia, paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Ila angalia sana: yale mapezi ya aluminiamu mgongoni mwa projekta usiyafunike. Ndiyo yanayotoa joto. Nimeona taa mpya imekufa kwa miezi miwili kwa sababu mtu aliivalisha bati mwili mzima.

Tatu, detekta. Ni kile kijicho cheupe cha duara kinachowekwa chini ya taa. Kinahisi joto la mwili likisogea. Mtu akiruka ukuta, taa inawaka ghafla usoni pake, mbwa anabweka, mlinzi anageuka, majirani wanaona kitu kimebadilika. Taa inayowaka usiku kucha, nani ataitazama? Imekuwa kama mwezi. Detekta nyingi zina vifundo vitatu vidogo: cha muda, cha umbali na cha giza. Cha muda weka dakika moja au mbili. Cha umbali kipunguze, la sivyo kila mbuzi wa balabala atawasha. Usikielekeze kwenye mti wala kwenye bomba la gurupu (jenereta).

Sasa hesabu, ambayo papa jirani ataisikia haraka kuliko ya usingizi. Wati 100 mara nne ni 400. Saa kumi na mbili za usiku ni kilowati-saa 4.8, na kwa siku thelathini ni 144. Akifunga taa mbili za wati 20 za kuwaka usiku kucha, ni 0.48 kwa usiku, yaani moja ya kumi. Zile mbili nyingine akiziweka kwenye detekta, zinakula karibu na bure. (Ukweli ni kwamba kwenye projekta za bei rahisi, 100W ya kasha mara nyingi si 100W ya kweli. Nikipima napata chini yake. Lakini uwiano unabaki uleule.)

Na msiogope wati 20 kuwa kidogo. Mwezi mpevu, ule tunaotembea nao kijijini bila tochi, haufikii hata nusu ya luksi moja, kile kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, pale ardhini. Jicho la mtu linaona vizuri sana likiachwa litulie, kama sentineli alivyosema.

Papa wa Katuba

Fundi, nimekwenda kujaribu kile kiganja cha sentineli getini kwangu. Nimekaa na kukifikiria. Hiyo detekta inafanya kazi na betri za sola au mpaka kurani?

Fundi Kurani, Kamalondo

Zote zipo, papa. Za sola zenye detekta ndani zinafaa kwako, maana ukikatika umeme bado zinawaka. Chagua ile ambayo paneli imetengana na taa kwa waya, uweke paneli juani na taa chini ya ukingo wa paa. Zile zilizounganishwa kitu kimoja unalazimika kuzitazamisha juu ili zipate jua, na hapo mwanga wote unakwenda kwa majirani.

Mwanafunzi wa sheria

Kwa upande wa sheria, Mama, kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Code civil yetu (sheria za madai), dikri ya 30 Julai 1888, kinasema kila tendo la mtu linalomletea mwenzake hasara linamlazimu aliyekosa kuitengeneza. Kesi za majirani zinaweza kupita hapo. Ufaransa wana amri ya 27 Desemba 2018 mahsusi kwa mwanga wa usiku: imeweka kikomo cha 3000K kwa taa mpya za barabarani, na madirisha ya maduka kwa kawaida yazimwe ifikapo saa saba usiku. Nakupa haya uyajue tu. Ukianza na kifungu utakuwa umemaliza ujirani. Anza na yeye, kisha mkuu wa avenyu, kisha shefu wa kartye (mtaa). Barua iwe ya mwisho.

Mtoto wa Nguba, Bukavu

Nawasoma kutoka Bukavu. Huku Ziwa Kivu tunaishi kwa taa za usiku. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanafunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanashusha wavu, wanawasha taa juu ya maji. Sambaza wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, lakini sasa ndio mboga yetu. Mwanga unavuta vijidudu vya majini, samaki wanafuata, wavu unainuliwa. Zile siku za mwezi mpevu samaki wanatawanyika, wavuvi wengi wanapumzika na kushona nyavu. Mjomba wangu mvuvi analalamika kwamba nyumba mpya za ufukweni zinamulika maji mpaka mbali, naye taa yake inashindana nazo. Kila akitia nanga anatafuta pembe iliyo na giza. Naona mnazungumza jambo lilelile la mjomba, ila nyinyi mko nchi kavu.

Bibi wa Ruashi (ameandikiwa na mjukuu)

Bibi anasema: mwanangu mwalimu, usimchinje jogoo.

Anasema wao walikuwa wanaitazama Kilimia. Ni kile kikundi kidogo cha nyota zilizobanana. Mwenye macho mazuri anahesabu sita. Kikianza kuchomoza jioni upande wa mashariki, mvua iko njiani, majembe yanolewe. Wapo wasemao: «Kilimia kikizama na jua huzuka na mvua, kikizama na mvua huzuka na jua.» Jana usiku alinituma nimshike mkono tutoke nje tukaitafute. Tulisimama muda mrefu. Kuna taa ya kanisa, kuna ya depo ya saruji, na moshi wa makaa. Hakuiona, na macho yake ya mbali bado ni mazima.

Anasema pia taa si mbaya. Inswa, wale kumbikumbi, wakitoka baada ya mvua ya kwanza, wao waliwasha taa moja, wakaweka beseni la maji chini yake, watoto wakakusanya mpaka beseni likajaa. Usiku mmoja, taa moja, kisha ikazimwa ili wengine wapite. Sasa taa zinawaka kila usiku kila mahali, inswa wanaangukia kwenye lami, wanakanyagwa na magari. Hilo linamuumiza, anasema ni chakula kinatupwa.

Mama Mwalimu, Bel-Air

Shikamoo bibi, na aksanti kwa kuniongezea mkono kwa mama mkwe; nimemsomea maneno yako. Kuhusu inswa: mwaka 2024 watafiti waliwapiga wadudu picha za kasi sana kando ya taa, wakaona kwamba mdudu akiruka usiku huugeuzia mwanga mgongo wake. Miaka yote palipong'aa palikuwa ni mbinguni, kwa hiyo kwake mwangani ndiko juu. Taa ikiwa ubavuni anapinda, ikiwa chini anapinduka, anazunguka mpaka anachoka. Nitawaambia wanafunzi habari za beseni lako.

Mama Mwalimu, Bel-Air (baada ya wiki mbili)

Nimerudi, kama ilivyo adabu kwa waliokushauri.

Tulikwenda Jumapili jioni, mimi na mume wangu. Sikwenda na simu wala na kifungu cha sheria. Nilipeleka sahani ya matembele na samaki, tukazungumza habari za betri, polisi, na mwanawe anayesoma Likasi. Kisha nikamwambia: papa, nakuomba usiku huu uje unywe chai kwangu, kuna kitu nataka ukione na sijui kukieleza.

Alikuja saa tatu. Nilimpeleka chumba cha watoto, nikazima taa ya ukumbini nyuma yetu. Watoto walikuwa wamelala, mdogo na kitenge chake usoni. Papa jirani alisimama mlangoni, kisha akaingia, akakaa pembeni mwa kitanda, kwa sababu mtu ukisimama hujui linavyopiga machoni. Akatazama dirishani, akainua mkono akakinga macho, vilevile kama sentineli alivyoandika, wala sikuwa nimemwambia. Akanyamaza. Halafu akasema: «Mama, mimi huku sijawahi kusimama. Kule kwangu naona ukuta wako tu umemulikwa, nikajua nakulinda na wewe.»

Nilishindwa kujibu. Miezi mitano nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyedhani ananifanyia wema.

Kesho yake alipanda ngazi mwenyewe na ufunguo wa namba 13. Ile ya nne ameihamishia kwenye ukuta tunaopakana, mgongo kwetu, kama fundi alivyosema. Zile mbili za uani amezilalaza. Ya balabala ameikatalia. Anasema lori linalala nje upande ule na hatalala usingizi mpaka apate detekta, na detekta ni mpaka mwisho wa mwezi. Nimekubali. Kwa upande wetu, mume wangu amefunga taa ndogo ya 3000K yenye detekta kwenye kona ile waliporukia wezi, itazame chini, ili na yeye aone kwamba hatukuja kudai tu.

Kuhusu avenyu: mkuu wa avenyu alituita, nyumba saba zilikuja. Haikuwa rahisi. Mama mmoja mjane alisema akilala bila taa anasikia hatua ambazo hazipo, na hakuna aliyembishia. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba yeyote anayefunga taa mpya asimame kwanza kwa jirani yake usiku aangalie. Mambo ya K na lumeni yatasubiri. Niliyagusa nikaona nyuso zinachoka.

Mtoto wangu mdogo usiku wa tatu alikitupa kitenge chini, mwenyewe. Jogoo bado anawika saa nane, labda mwili wake haujazoea, au ni ile ya balabala. Mama mkwe amempa mpaka Krismasi.

Msalaba wa Kusini siwezi kuujaribu sasa, mvua imeanza, anga limefunga. Lakini juzi mawingu yalipasuka kidogo upande wa mashariki, nikawatoa watoto watatu wote na makoti. Tulihesabu Kilimia. Mimi niliona tano, mkubwa akaona sita na akaapa ya saba. Mwambieni bibi wa Ruashi kwamba siku mvua ikipumzika, kiti chake kipo kwangu.

Fundi, swali moja limebaki. Ile kofia ya bati kwa taa ya balabala, nikimkatia mwenyewe wakati anasubiri detekta, niache nafasi ya vidole vingapi kutoka kwenye yale mapezi?

Fundi Kurani, Kamalondo

Vitatu, mama. Na juu iwe wazi, joto linapanda. Nitumie picha kabla hujakunja.